Siméon Mbonigaba, Aliyeitwa Baba Riziki

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Rugerero na wa mjini, na ninyi ndugu mliovuka leo mpaka kutoka Goma, asubuhi nyumbani historia hii ilisomwa kwa Kinyarwanda, na sasa naisoma kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia kazini, mimi Gatete, mdogo wake, kwa niaba ya familia, na shemeji yangu Illuminée ameniomba nisiruke kitu, hata yale ambayo makaburini watu huyafunika.

Siméon Mbonigaba alizaliwa Rugerero tarehe 9 Juni 1968, mtoto wa pili wa Wenceslas Niyonzima, dereva wa lori, na mama yetu Nyiramana, ambaye yuko nasi hapa kwenye kiti cha mbele. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Rugerero, kuanzia mwaka 1975 hadi 1983, na walimu walimkumbuka kwa jambo moja, kwamba aliweza kuiga mwendo na sauti ya kila mmoja wao, na viboko vya kazi hiyo alivila kwa haki. Mwaka 1984 alipelekwa Goma kwa mjomba wetu ajifunze ushonaji, na huko, katika kikundi cha maigizo cha parokia, akanogewa na uigizaji, hadi mjomba akawa analalamika kwamba suruali za wateja zinatoka na mguu mmoja mrefu.

Alirudi huku mjini Gisenyi mwaka 1990, akafungua chumba cha kushonea karibu na soko. Mwaka 1994 tuliwapoteza baba yetu na dada yetu, na Siméon, aliyeweza kuigiza karibu kila kitu, hakukubali kamwe kuigiza jambo lolote la mwaka huo, kwa hiyo nami sitaongeza neno. Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na Illuminée Uwingabire, muuza nyanya na vitunguu, anayevuka kwenda Goma na kurudi kila siku mpaka leo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Iradukunda mwaka 1998 na Umuhire mwaka 2001.

Mwezi Februari 2009 alichukuliwa kwenye mchezo wa redio uliosikilizwa pande zote mbili za mpaka, akapewa nafasi ya Baba Riziki, mume anayempiga mkewe, na wengi wenu mliopo hapa hamkuwahi kumwita kwa jina jingine. Wenzake walitaka mtu wa kufoka, yeye akakataa, akasema mwanaume wa namna hiyo hafoki, anauliza chakula kwa upole, na mke anayeujua upole huo ndiye anayetetemeka. Alikataa pia kumfanya achekeshe, maana wanaume wakicheka watarudi nyumbani wameridhika na nafsi zao. Alijishonea koti la Baba Riziki, lenye mabega ya kubana, ingawa redioni hakuna anayekuona, akalivaa kila siku ya kurekodi, na kabla ya kutoka alilivua na kulitundika pale pale studio, kisha akatembea kidogo ufukweni mwa ziwa ndipo arudi kwake, kwa sababu, alivyoniambia, hakutaka kuingia nyumbani na mgeni.

Lakini mgeni aliingia. Wanawake walianza kupeleka vitambaa vyao kwa mafundi wengine, na akina mama wa mpakani wakawa wanamtazama Illuminée mikono na shingo kila anapojitanda kitenge upya. Mwezi Aprili 2016, siku ya mvua, Illuminée aliteleza karibu na kizuizi cha mpakani akiwa na mzigo wa nyanya kichwani, akavunjika mkono, na kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika mtaani kwamba Baba Riziki amempiga mkewe. Jirani yao Murekatete alilipeleka jambo hilo kwenye kikao cha jioni ya familia, pale ambapo watu wa mudugudu, yaani kitongoji, huketi kuzungumza mambo ya nyumba zao, na Siméon akaambiwa asimame ajieleze.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo kaka yangu alipokwama. Alisimama akasema mkewe alianguka mwenyewe, na watu wote wakageukiana, kwa sababu maneno hayo, kwa sauti hiyo hiyo ya upole, walikuwa wakiyasikia redioni kutoka kwa Baba Riziki kila mkewe anapoonekana na uvimbe. Illuminée naye akasimama, mkono umefungwa plasta, akasema, “Mi nilianguka mwenyewe,” na hilo likawa baya zaidi, kwa kuwa mke wa Baba Riziki redioni husema vivyo hivyo. Yaani ukweli wao wote wawili alikuwa ameshauigiza miaka saba kama uongo, akauigiza vizuri mno, na sasa hakubaki na namna nyingine ya kuusema. Alionywa mbele ya watu, akakaa chini. Tulipokuwa tunarudi aliniambia majirani wamefanya vizuri kuuliza.

Kilichomuumiza hakikuwa kikao. Likizo iliyofuata, Umuhire alirudi kutoka shule ya bweni, ambako wenzake walikuwa wamemsimulia yote, akamkuta mama yake jikoni akamwambia, “Mama, uniambie kweli,” na Siméon alikuwa nyuma ya mlango wa uani akipiga pasi ya mkaa. Mama alimjibu binti kwamba alianguka, na Umuhire akamuuliza tena, kama mtu ambaye hakuamini. Siméon aliendelea kupiga pasi. Illuminée alimsihi aache mchezo, nasi tukamsihi, akakataa, akisema akitoka watamweka mtu wa kuchekesha, na hapo familia tulimlaumu, na lawama hiyo sitaifuta leo kwa sababu tu amelala mbele yetu. Mtoto alikua akimheshimu baba yake, akimletea chai, akimjibu vizuri, lakini hakuwahi tena kumwacha mama yake peke yake naye likizo nzima bila kuchungulia, na Siméon aliona.

Mwezi Juni 2024 alianza kuumwa ini, akatibiwa hapa mjini, kisha Kigali, akarudishwa hapa mwezi Septemba mwaka huu. Umuhire aliomba ruhusa kazini akaja kumuuguza, na siku moja akiwa anambadilishia shuka alimwambia kwamba anamwamini. Siméon alimwambia, “Hapana, usiseme vile sababu mi niko nalala hapa. Nikishakufa, muulize mama tena. Siku ile hatakuwa na mutu wa kuogopa.” Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Jana Umuhire alimuuliza mama yake, mbele yetu sote tuliokuwa tunapanga viti. Illuminée alisema, “Nilianguka. Mvua ilikuwa inanyesha, na mi nilibeba nyanya mingi. Ni baba yako alikuwa ananifunga kitenge kila asubuhi mpaka mukono ukapona.” Umuhire alilia sana, na bado analia, mnamwona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Kigali, mapadri, mafundi wenzake wa sokoni, wenzake wa redio, na akina mama wa mpakani waliobeba maji na kuni siku hizi zote. Kwa namna ya pekee Illuminée anakushukuru wewe Murekatete, uliyedhani vibaya ukaja kuuliza, na anakuomba wewe na wenzako msiache kubisha hodi, maana ziko nyumba humu mitaani ambako mke akisema alianguka, hakuanguka.

Kaka, koti la mabega ya kubana hatukukuvisha, liko studio kwenye msumari wake, na huyo mwenye koti tutabaki naye sisi. Wewe nenda na shati lako jeupe, binti yako ameshauliza na amejibiwa. Pumzika kwa amani.