Milango Iliyofungwa Nayo Ihesabiwe

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, mkuu wa kitengo chetu cha takwimu za majeraha anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika hospitali hii. Jina lake kamili limo kwenye kitambulisho. Mitaani na humu ndani anaitwa Mzee Hodi, kwa kuwa hakuna mtumishi mwingine aliyesimama kwenye vizingiti vingi kama yeye, wala aliyefukuzwa na mbwa wengi kiasi hicho.

Alianza kama muuguzi wa chumba cha vidonda. Kazi yake kubwa ilikuwa kushona vichwa vya walioanguka kwenye pikipiki, ngazi, mabafu na ngumi za watu. Alishona upesi huku akitania: "Tulia, kaka, nikikosea hapa utachania nywele upande mmoja maisha yako yote." Baada ya wiki nyuzi zilitolewa, faili likaandikwa "amepona", na mtu akaenda zake.

Kilichomkera ni waliorudi. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, lakini mwashi alikuwa amefukuzwa kazi kwa kusahau maagizo ya asubuhi, na binti aliyekuwa mpole alikuwa hasemezeki nyumbani. Kila kikao akawa anauliza swali lile lile: katika mji huu, ni watu wangapi wanaoishi na ubongo ulioumia? Alijibiwa kwa idadi ya waliofika hospitali. Akasema hiyo ni sawa na kukisia maji ya mto kwa kuchungulia mtungi wa jikoni.

Alitaka kliniki ya kuwafuatilia watu hao. Wafadhili walikuwa tayari kusikiliza, mradi waletewe hesabu ya nyumba kwa nyumba. Mkurugenzi akamkabidhi wadadisi wanane, gari bovu na ramani ya mitaa iliyochaguliwa kwa bahati nasibu.

Aliwafundisha wadadisi kutomuuliza mtu kama ubongo wake umeumia, maana atadhani anaitwa mwendawazimu. Waulize ameanguka wapi, amegongwa na nini, alizimia au hakuzimia. Kisha wamuulize anayeishi naye. Fundi mmoja wa paa alituapia kuwa hana tatizo lolote: "Kichwa changu mimi ni jiwe." Mkewe akadakia kutoka jikoni: "Jiwe gani linalosahau wanao wako darasa la ngapi? Andika, mwanangu, andika. Kuumia hajaumia, ila tangu siku ya ile ngazi nimeolewa na mtu mwingine."

Duru ya kwanza ilitoa mtu mzima mmoja mwenye ubongo ulioumia kati ya kila tisa. Namba ilikuwa kubwa kuliko tulivyotarajia, na kwa namba hiyo kliniki ilikuwa kama imeshajengwa. Mkurugenzi alinunua soda za kitengo kizima.

Wiki hiyo hiyo Mzee Hodi aligundua kwamba nyumba yake mwenyewe ilikuwa miongoni mwa zilizochaguliwa. Wadadisi walikuwa wamefika, wakakuta kufuli, wakaingia kwa jirani badala yake, kama tulivyokubaliana sote kufanya. Alipomsimulia mkewe, ambaye ni mshonaji sokoni, mama huyo alicheka mpaka akakaa chini. "Mlikuja kwangu saa nne asubuhi, siku ya kazi? Mlitegemea kumkuta nani, paka?"

Yeye hakucheka. Saa nne asubuhi waliokuwa nyumbani ni wasio na kazi, na baadhi yao hawakuwa na kazi kwa sababu ya kichwa. Wazima walikuwa makazini, nasi tuliwaruka na kuchukua jirani. Namba yetu ilikuwa imenenepa kwa kosa letu.

Alikwenda kwa mkurugenzi kabla soda hazijaisha. Tuliokuwa nje ya ofisi tulisikia yote, kwani mlango ule haujawahi kufungika sawasawa.

"Hodi, namba imeshafika kwa wafadhili. Kwenye kuku wengi unataka kumwaga mtama?"

"Mkurugenzi, mapigo ya mgonjwa ukiyakosa, huandiki ya kitanda cha jirani."

"Na kliniki ikitukimbia?"

"Itukimbie tukiwa tunasema kweli. Wagonjwa wale wameshadanganywa mara moja, walipoandikiwa kwamba wamepona."

Tulirudi kwenye kila mlango uliokuwa umefungwa, jioni na Jumapili, kwa karibu miezi mitatu. Wadadisi wawili waliacha. Mmoja alisema Jumapili ni ya ibada na kufua, si ya kuuliza watu vichwa vyao. Mzee Hodi alichukua mitaa yao mwenyewe, akiwa na mwavuli na fimbo ya mbwa.

Namba ilishuka hadi mmoja kati ya kumi na saba. Siku ile hakuna aliyenunua soda.

Lakini milango ile ilikuwa na watu ambao duru ya kwanza isingewapata kamwe. Kulikuwa na mpishi wa hoteli asiyesikia harufu yoyote tangu alipoteleza bafuni, akimficha tajiri aliyemwajiri jambo hilo na kumwomba mwenzake amwonjee. Kulikuwa na dereva aliyeandika njia zake kiganjani. Walikwenda kazini kila siku wakiwa na maumivu, wakiogopa kufukuzwa. Zaidi ya nusu ya wote tuliowahesabu hawakuwahi kukanyaga hospitali kwa ajili ya majeraha yao.

Wafadhili walipokuja, swali lao la kwanza lilikuwa: nyumba zilizofungwa mlizifanyaje? Mzee Hodi alieleza kosa letu lote, kisha marekebisho yake. Mkurugenzi alitazama dari. Mwaka uliofuata kliniki ilifunguliwa, vyumba viwili pembeni mwa jengo la mazoezi ya viungo, nayo hufunguliwa jioni ili mtu asilazimike kumwomba tajiri ruhusa.

Hesabu mpya inaanza mwezi ujao. Ikionyesha kwamba walioumia wamepungua, huenda tukanyang'anywa chumba kimoja, na sote tunalijua hilo. Hata hivyo, kazi ya mwisho ya Mzee Hodi ilikuwa kupanga ratiba ya jioni na Jumapili, na wadadisi wote wameikubali. Namba itakayopatikana ndiyo tutakayoipeleka.

Asante kwa miaka yote, Mzee Hodi. Wewe na mama tunawaombea afya, usingizi mrefu wa Jumapili, na siku njema zisizo na idadi. Kazi tumeipokea.