Mwalimu Kagendo, Mwoga wa Getini

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo Durban, saluni, dukani au jikoni, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Kagendo. Mwalimu Kagendo wa shule ya Pinetown. Ametutoka Jumatano kwa ugonjwa wa moyo, nyumbani kwake Cato Manor, akiwa na miaka arobaini na sita.

Nami nisiwafiche. Mwalimu Kagendo alikuwa mwanamke mwoga. Dada yake, Carol, ndiye aliyeniambia, huku akicheka na kulia. "Kagendo alikuwa mwoga, si mchezo! Mende akitokea kwa nyumba, ni mimi naitwa. Tukiwa wadogo huko Nkubu, kwenda mtoni lazima mimi nitangulie, sababu ya fahali wa jirani."

Alitoka Kenya kuja Durban kusoma, akabaki kufundisha baiolojia. Kibali chake cha kukaa nchini kilitegemea mkataba wa kazi, na mkataba ulikuwa mkononi mwa mkuu wa shule. Basi akajifunza kunyamaza. Kwenye mikutano hasemi. Ndani ya taxi Kiswahili hakimtoki mdomoni, asijulikane ni mgeni. Wageni wenzangu mnanielewa.

Kazi moja tu hakuweza kuikwepa. Mzazi Mkongo akiitwa shuleni, Kagendo ndiye mkalimani.

Sasa, pale shuleni kuna mtoto. Tumwite Gracieuse. Jina hilo si lake, na yeye mwenyewe ameturuhusu tusimulie. Gracieuse alizaliwa na maumbile ambayo mkunga hakujua aseme ni mvulana au ni msichana. Ndivyo Mungu alivyomleta. Mama yake, Mkongo, msusi wa nywele, alimlea kama binti na siri akaifunga kifuani. Mtoto alikuwa na miaka kumi na tatu aliposhinda mbio za shule. Akawaacha wenzake mbali. Wazazi wa walioshindwa wakaanza: huyo si msichana, huyo akaguliwe.

Kesho yake mama akaitwa ofisini. Kagendo akaitwa kutafsiri. Mkuu wa shule akasema, "Mwambie mama huyu, nesi atamvua mtoto nguo leo, tujue moja. Akikataa, mtoto asirudi."

Mama Gracieuse hakuelewa Kiingereza kile. Alikuwa anautazama mdomo wa Kagendo. Anasimulia mwenyewe: "Miye nilijua mambo yetu imekwisha. Nikaangalia mwalimu, nikaona iko anatetemeka kunipita miye."

Kagendo alifikiria mkataba. Alifikiria kibali. Kisha akamgeukia mkuu. "Maneno hayo sitayatafsiri."

Maneno hayo sitayatafsiri, wasikilizaji. Akamgeukia mama, kwa Kiswahili: "Mama Gracieuse, hakuna mtu atakayemvua mtoto wako nguo. Nendeni nyumbani. Kesho mlete. Mimi nitakuwa getini."

Msidhani alitoka pale kifua mbele. Alifika nyumbani akafunga mlango, akausogezea meza. Jioni simu ikalia, sauti asiyoijua ikamwambia, "Tunajua unakokaa." Carol anasema Kagendo alikaa sakafuni, anauliza swali lile lile: "Nimefanya nini? Carol, nimefanya nini?"

Asubuhi akaenda. Wazazi walikuwa wamejaa getini, wengine na simu juu, wanapiga picha. Kagendo alishika vyuma vya geti maana magoti yalikuwa hayamshiki. Mtoto alipofika, akamfunika kichwa kwa sweta yake, wakapita katikati ya matusi. "Mkono wake ulikuwa baridi," Gracieuse ameniambia. "Nilijua anaogopa. Ndiyo maana nilimwamini."

Nesi naye alikataa kumkagua mtoto kwa nguvu, na mkuu akakosa wa kumtuma. Kelele zikapungua, hazikwisha. Gracieuse akapewa ufunguo wa choo cha walimu, na akaendelea kusoma. Baadaye mwingine akamfuata Kagendo, mwanafunzi ambaye wote walimwita mvulana na yeye moyoni anajijua ni msichana. Naye akasindikizwa. Miaka miwili, kila asubuhi ya shule, Kagendo getini. Na kila mwisho wa mwaka anangoja mkataba huku hali wala halali.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi nendeni Cato Manor mkasikie kilio kilivyo kwa mwoga wetu. Nampenda mwanamke huyu, na nina hasira kwamba moyo wake ulibebeshwa mzigo huu peke yake.

Carol, pole sana. Familia ya Nkubu, poleni. Walimu na wanafunzi wake, poleni. Mungu ampumzishe pasipo na hofu.

Nasi wasikilizaji, tutafakari. Kesho ni Jumatatu. Jana Mama Gracieuse alinipigia simu. Mtoto amekataa kwenda shule. Anauliza, "Nani atasimama pale?"

Nimemwambia nitasimama mimi. Nilijibu haraka, kabla sijafikiri. Mimi pia ni mgeni. Mimi pia nina kibali.

Lakini shule iliyo karibu nawe ina mtoto kama huyu, ujue usijue. Kama magoti yanatetemeka, nenda nayo hivyo hivyo.