Bi. Kahaso Awaachia Wenyewe Uwanja wa Msufini

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha michezo hapa Shule ya Upili ya Msufini, Bi. Kahaso Mwaro anastaafu rasmi tarehe 30 Aprili. Wengi wetu walimu tulimkuta hapa. Wawili kati yetu walifundishwa naye, na wameomba tusitaje mbio zao zilikuwaje.

Alitoka Rabai akiwa kijana, akakabidhiwa timu ya netiboli isiyo na mpira, pamoja na uwanja ambao wanafunzi wa kwanza wa shule hii waliusawazisha kwa majembe kabla ya uhuru. Timu aliifikisha mashindano ya kitaifa mara mbili. Uwanja aliupenda zaidi. Kipenga chake kimekatiza vipindi vingi vya Kemia, na mwalimu wa Kemia, ambaye ndiye anayeandika haya, ameshamsamehe.

Hakuwahi kumchapa mtu. Aliyechelewa mazoezini alichota maji kisimani akanyweshea nyasi, na kila mchelewaji alikuwa na sehemu yake. Waliohitimu bila kumaliza adhabu waliambiwa siku yao itafika.

Ilifika mwaka juzi. Mabweni yalikuwa yamejaa hadi watoto wakalala wawili wawili, bodi ikapendekeza bweni jipya lijengwe uwanjani. Wanafunzi wa zamani walilalamika sana kwenye simu zao, na mambo yakaishia hapo hapo. Bi. Kahaso aliumia. Siku hiyo hakugusa chai, na sisi tunaomjua tukaogopa. Kisha akawatumia wahitimu hao ujumbe mmoja tu: wenye adhabu zilizobaki waje Jumamosi, na ndoo.

Wakaja! Tsuma, ambaye sasa ni daktari Kilifi, alishuka garini na ndoo mbili. "Shikamoo Mwalimu, nisamehe, nimechelewa tena," akasema, akaelekezwa kwenye goli la kusini. Idah, mwenye hoteli mjini Malindi, alimwagilia nyasi akiwa na viatu vya kisigino.

Walipokwisha kuchoka na kulowa ndipo walipozungumza kwa makini. Walijitolea kujenga bweni nyuma ya jiko, kwenye shamba la mihogo, na bodi ikakubali. Bweni limeshaezekwa. Kila muhula kundi moja la wahitimu hushika zamu ya kutunza uwanja.

Hata hivyo hofu haikumtoka. Mwaka huu wote ametuuliza, mmoja mmoja, nani atauangalia akishaondoka. Jumamosi iliyopita alifika akakuta nyasi zimekatwa, mistari imechorwa na wasichana wanacheza. Hakuna aliyekuwa amemwuliza lolote. Akakaa kwenye benchi, akatazama mechi mpaka mwisho, machozi yakimtoka waziwazi.

Asante, Mwalimu, kwa kutulelea watoto na mahali pao pa kuchezea. Rudi Rabai kwa amani, ule mihogo ya nazi na wajukuu, na Mungu akujaalie afya na miaka mingi ya raha. Pumzika bila wasiwasi. Uwanja una wenyewe.