Mama Pasi Aliyejifunza Kuuliza Kwanza

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika kitengo cha dobi cha hospitali yetu, Mama Pasi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa zamu yake, na tumefanya kazi pamoja miaka ishirini na minane. Naandika nimekalia furushi la mashuka, zamu imekwisha, miguu imevimba. Mtanisamehe maneno yakitoka yamechoka. Sote tumechoka.

Aliajiriwa kukunja taulo. Mwaka wa pili akapewa pasi kubwa ya mvuke, ile ambayo wanaume wawili walikuwa wameikimbia kwa joto lake, na jina likamganda. Wagonjwa walimjua bila kumwona. Bibi mmoja aliporuhusiwa kwenda nyumbani alikataa katakata kuvua gauni la hospitali, akisema tangu aolewe hajavaa nguo iliyonyooshwa vile. Tulimwandikia barua mbili kulidai. Halijarudi mpaka leo.

Nilipomwonyesha rasimu iliyoishia hapo, Mama Pasi aliisoma akanirudishia. "Hapa umenipaka rangi tu," alisema. "Andika na lile la fundi."

Haya, naandika. Miaka ile ya mwanzo Mama Pasi alikuwa ameokoka, na alitaka sote tuokoke kabla mapumziko ya mchana hayajaisha. Alihubiri akishindana na kelele za mashine za kukamulia. Mashine zikinyamaza, yeye hanyamazi. Tukaanza kula nje hata mvua ikinyesha, tumejibanza ukutani na sahani mikononi.

Kisha fundi wetu wa cherehani, aliyekuwa akishona mashuka yaliyochanika, akafiwa na binti yake wa miaka sita. Siku aliyorudi kazini, mbele yetu sote, Mama Pasi alimwambia kwamba angekuwa na imani ya kutosha, mtoto angepona. Fundi alichomoa waya ukutani, akaibeba cherehani yake hadi stoo isiyo na dirisha, akafunga mlango. Alishona humo miaka minne.

Mama Pasi alishikilia kwamba alisema kweli, na kweli huuma. Halafu mume wake akapooza upande mmoja. Alimuuguza miaka miwili: alfajiri anamwogesha na kumlisha, mchana yuko kwenye pasi, jioni anaanza upya. Alikonda tukimwona. Mume akafariki. Kwenye msiba, shemeji yake, mtu wa kanisa lake, alimketisha pembeni akamweleza kwa sauti ya upole kabisa kwamba maombi yake ndiyo yaliyopungua.

Jumatatu aliyorudi kazini hakwenda kwenye pasi. Alikwenda stoo, akabisha hodi. Mlango ulibaki wazi, nami nilikuwa napanga foronya kwenye rafu ya jirani, kwa hiyo nilisikia.

"Maneno niliyokuambia yalikuwa mabaya," alisema. "Sikuja kuhubiri. Nimekuja kukuomba radhi."

Fundi hakuinua macho kwenye sindano. "Umechelewa sana."

"Najua."

"Basi nishikie ncha hii," fundi alisema. "Shuka linanivuta."

Alishika mpaka muda wa mapumziko ukafika. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Hawakuzungumza dini. Walimzungumzia mtoto, alivyopenda kujifunika taulo kichwani ajifanye bibi harusi. Mama Pasi alikuwa hajawahi kuuliza hata jina lake. Baada ya miezi mitatu cherehani ilirudi ukumbini.

Na ni fundi aliyeuliza, siku moja tukikunja foronya. "Hivi wewe, baada ya yote haya, bado unaamini?"

"Naamini. Siku nyingine kwa kujikokota. Ukitaka kujua kwa nini, nitakueleza. Usipotaka, tumalizie hizi."

Fundi alifikiri. "Nieleze. Lakini polepole."

Sisi tuliokuwa karibu tuliacha kujifanya tuna kazi.

Mtu asidhani alinyamaza tangu hapo. Imani yake aliendelea kuisema, ila alianza kuuliza kwanza, kusikiliza jibu mpaka mwisho, na kusema "sijui" pale asipojua. Maji yalipokatika wiki tatu, tukafua mashuka ya wodi ya wazazi kwa mikono mpaka ngozi ikababuka, mpishi wa hospitali alimuuliza anapata wapi moyo wa kutotukana. Alimjibu kwamba ametukana kimoyomoyo tangu asubuhi, Yesu amesikia yote, na bado hajamwacha. Mpishi alicheka hadi akakaa chini. Jumapili iliyofuata aliomba mwenyewe waende pamoja kanisani.

Mimi sijawahi kwenda. Hajanisukuma, wala hajanikatia tamaa. Mama yangu alipofariki mwaka jana, nilimwona Mama Pasi akiingia uani nikaogopa kidogo, nikijua ana la kusema. Aliosha vyombo. Kisha akakaa kando yangu akauliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Niliongea saa nzima. Alipoaga aliniuliza kama ningependa aniombee, na kama ni hapo au akifika kwake. Nikamwambia hapo hapo. Sijamweleza mtu hili mpaka leo.

Dada yetu, magoti yako yameisha, na mgongo umeinamia upande wa pasi. Asante kwa kila shuka, na asante zaidi kwa radhi uliyoiomba nikiwa nakusikia. Nenda ukalale mpaka usingizi wenyewe ukuchoke. Kitengo kizima kinakutakia mapumziko marefu na afya njema. Na Jumamosi usitoke nyumbani, nitapita. Nina swali, na safari hii nitaanza mimi kuuliza.