Chotara wa Mama Hope Atafutiwa Magurudumu

Benchi letu liko Elerai, mbele ya kibanda changu cha cherehani, pale barabara ya vumbi inapoingia kwenye lami. Asubuhi, Mlima Meru ukiwa bado haujajifunika mawingu, muuza kahawa anatua birika na jiko lake, nasi tunakaa. Ilikuwa miaka ile ya mashirika ya umma kuuzwa na watu kupunguzwa kazini makundi kwa makundi, kwa hiyo wenye nafasi ya kukaa hawakukosekana. Injinia ni Eliasi, aliyekuwa anaendesha mashine kwenye kiwanda kilichofungwa. Meja ni mzee Lerionka. Jeshini aliishia koplo, umeja tulimpa sisi, na hajawahi kuukataa. Bibisi ni Reginald, Mchaga wa Machame, redio ya mkulima haimtoki sikioni, na habari ambayo redio haikuisoma anaisoma yeye. Mimi ni fundi cherehani, nasikiliza huku nashona, ndiyo maana nakumbuka vizuri nani alisema nini.

Siku hiyo Sia, Mama Hope, alikuja akisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Sia alikuwa tarishi wa shirika moja hapa mjini, miaka mingi amepeleka barua ofisi hadi ofisi kwa baiskeli, mwanamke peke yake kwenye kazi ile. Shirika likauzwa, mwenye mali mpya akaleta mashine ya faksi, Sia akapewa mkono wa kwaheri. Kiinua mgongo chake kikaishia kwenye ada ya Hope na kwenye baiskeli ya mtumba yenye gia. Fundi aliyemuuzia aliiita chotara: baba yake baiskeli ya lami, mama yake baiskeli ya mlimani.

— Shikamoo, Meja. Habari zenu wengine.

— Marahaba, mwanangu. Mbona unaisukuma? Imekugomea?

— Haijagoma. Nataka ushauri.

Ushauri! Neno hilo kwenye benchi letu ni mahindi mbele ya kuku. Injinia aliweka kikombe chini. Bibisi alizima redio, jambo ambalo hata msiba haujawahi kumfanya alifanye.

Sia akaeleza. Kampuni moja ya utalii ilikuwa inatafuta waongozaji wa kuwapeleka wageni kwa baiskeli kuzunguka chini ya Meru. Jumamosi ya wiki iliyofuata kungekuwa na majaribio: kutoka Ngaramtoni, kupanda Olmotonyi, kupita njia za ng'ombe kando ya msitu, kisha kurudi. Kila mtu na baiskeli yake.

— Fremu ni nzima, alisema. Gia nzima. Tatizo ni hizi.

Akainua nyuma ya baiskeli, akazungusha gurudumu. Liliyumba kama mtu anayetoka kilabuni.

— Nilipita njia ya mawe kule Moshono mara moja tu. Rimu ikapinda, spoku mbili zikakatika. Na tairi lenyewe jembamba hivi, kwenye matope linazama kama kisu. Lazima nibadilishe magurudumu. Sasa niweke gani?

— Swali dogo hilo, alisema Injinia. Weka ya baiskeli ya mlimani yenyewe, inchi ishirini na sita. Tairi nene, lina meno. Ushaona trekta linakwama?

— Nimeona, alisema Meja.

— Lilikuwa na dereva mbovu.

— Eliasi, acha kumdanganya binti. Weka magurudumu ya Finiksi, zile baiskeli za kubebea mizigo. Chuma kitupu! Angalia wanaume wa Ngaramtoni siku ya soko, mtu anabeba magunia mawili ya viazi na mkewe juu, gurudumu halisemi neno. Na ukitaka lisitoboke kabisa, toa tyubu, shindilia majani makavu humo ndani. Sisi vitani tulifanya hivyo.

— Vitani mlipanda baiskeli? niliuliza nikiwa kwenye cherehani.

— Fundi, wewe shona.

Bibisi alikuwa anasubiri zamu yake, macho ameyafumba nusu.

— Ninyi mko nyuma sana. Dunia ya sasa ni soko huria. Huko Ulaya wameshagundua: gurudumu la mbele linakuwa dogo, la nyuma kubwa. Unapanda mlima ukiwa umeinama mbele, uzito wako wenyewe unakuvuta.

— Na kushuka? aliuliza Sia.

— Kushuka unageuza.

— Nageuza nini?

— Magurudumu. Unafika juu, unashuka, unabadilisha la mbele nyuma, la nyuma mbele. Kazi ya kufumba na kufumbua.

— Huku mtalii ananisubiri.

— Mtalii anapiga picha, Mama Hope. Wale wanapenda vitu kama hivyo.

Tulicheka hadi muuza kahawa akamwagikiwa na kahawa yake. Lakini Sia hakucheka sana. Alitutazama mmoja mmoja.

— Jamani, nina nafasi hii moja. Mimi kazi ninayoijua ni baiskeli. Ofisi zote zimenunua faksi.

Injinia akasimama. Alikuwa mtu wa maneno, lakini si mtu mbaya. Alikuwa na shemeji yake mwenye baiskeli ya mlimani, akaenda kuazima magurudumu mawili ya inchi ishirini na sita, akarudi nayo mabegani kama mtu aliyebeba ushindi. Tukaipindua chotara juu chini hapo hapo mbele ya benchi. Magurudumu yakaingia. Matairi manene, meusi, yana meno ya kutisha. Baiskeli ikakaa chini kidogo, ikaonekana kama fahali.

— Mnaona! Injinia alisema. Hiyo sasa ndiyo baiskeli!

Sia akazungusha gurudumu, akabana breki. Akachungulia.

— Injinia, mipira ya breki haigusi rimu. Rimu iko chini huku. Inabana hewa.

— Utazoea. Jaribu tu pale kwenye kamteremko.

Najua alijaribu kwa heshima, maana macho yake hayakuwa yamekubali. Alipanda kamteremko, akageuka, akaachia. Mwanzo ulikuwa mzuri. Katikati tukaona anabana breki kwa mikono yote miwili, na baiskeli haina habari. Akapiga kelele ya kutaka njia, kuku wakaruka, naye akaingia moja kwa moja kwenye rundo la majani ya ng'ombe la Kandida, jirani yetu. Pedali nayo ilikuwa imegonga jiwe njiani, kwa sababu baiskeli ilikuwa imeshuka chini mno. Kandida alitoka na panga lake la kukatia majani, akauliza kama mtu amekufa.

— Hajafa, alisema Meja. Ni ufundi wa Injinia tu.

Sia alitoka amejaa majani kichwani. Nilidhani atalia au atatukana. Alikung'uta sketi, akashika rimu, akaitazama kwa muda mrefu.

— Sasa nimeelewa, alisema. Breki imetengenezwa kwa ajili ya rimu ya ishirini na nane. Lazima nibaki hapo hapo. Ukubwa ule ule, ila imara zaidi.

— Si ndiyo Finiksi nilivyosema! Meja aliruka. Ishirini na nane ile!

Ikabidi lijaribiwe na hilo pia, maana Meja angetununia mwezi mzima. Alileta gurudumu la nyuma la baiskeli yake mwenyewe. Lilikuwa zito kama la mkokoteni, na kumbe ishirini na nane ya Finiksi si sawa na ishirini na nane ya chotara. Lilikuwa kubwa zaidi kidogo, tairi likagusa fremu kwa juu. Tena habu yake, pale katikati zinapoanzia spoku, haina pa kuvalisha gia.

— Baba, alisema Sia kwa upole, bila gia Olmotonyi nitaipanda na nini?

— Na miguu. Sisi tulipanda na miguu.

— Kweli. Lakini mimi nikifika natakiwa bado niwe na pumzi ya kuongea na mgeni.

Meja akanywa kahawa. Alikuwa ameridhika, kukataliwa kwa adabu kwake ni kama kukubaliwa.

Kesho yake Sia hakuja kijiweni asubuhi. Alikwenda sokoni, kwenye ua wanakofungulia makontena ya baiskeli za mtumba, na chotara wake begani, bila magurudumu. Nilikwenda naye, kwa kuwa nilikuwa nafuata nyuzi upande huo. Nilichokiona huko sijakisahau. Magurudumu yalikuwa yamerundikwa kama sahani za harusi. Wateja wengine walichukua yaliyong'aa, wakalipa, wakaondoka. Sia alichukua moja moja, akalivalisha kwenye fremu yake, akalizungusha, akatazama kama rimu inapita katikati ya mipira ya breki bila kuchezacheza. Kisha akazipitishia spoku kidole kama mtu anayepiga zeze, akisikiliza ipi imelegea. Rimu yenye spoku chache aliirudisha, hata kama ni nzuri ya kutazama. Muuzaji akachoka.

— Dada, unachagua mchumba?

— Mchumba nilichagua haraka, alisema Sia. Ndiyo maana sasa nachukua muda.

Mwishowe akapata mawili: rimu za alumini, pana kuliko zake za zamani, spoku nyingi nene, na la nyuma lina habu ya gia. Hayakuwa na mng'aro wowote. Kwa upande wa tairi, muuzaji alimletea nene kuliko yote. Sia akavalisha moja, akaweka kidole chake kati ya tairi na fremu. Hakikupita. Akalitoa.

— Kidole kisipopita, matope yatapita wapi? aliniuliza.

Akachukua mawili yenye meno, ya unene wa wastani, ambayo kidole kilipita pande zote.

Alipolipeleka kijiweni lile chaguo lake, ulizuka mjadala wa siku mbili. Injinia alisema meno ni madogo. Bibisi alisema alumini inaliwa na mvua ya Meru kwa sababu ya majivu ya zamani ya mlima. Meja alisema angalau apake mafuta ya kondoo. Lakini niliona kitu: kila jioni Injinia alikuwa anachuchumaa pale na kispana chake kukaza spoku pamoja na Sia, na Meja alikuwa anamshikia fremu. Bibisi alikuwa anawamulikia kwa tochi, na redio imezimwa.

Jumamosi kulinyesha. Hatukukaa benchini kusubiri habari. Tulipanda pikapu ya mfanyabiashara wa vitunguu, sote wanne, tukaenda Ngaramtoni. Waliokuja kujaribiwa wote walikuwa wanaume, isipokuwa Sia. Wengine walikuwa na matairi mapana ajabu, Injinia akawa anayatazama na kumeza mate. Mwongozaji mkuu wa kampuni, kijana mrefu anayeitwa Sankale, aliwaachia, wakapotea kwenye ukungu wa upande wa Olmotonyi.

Tulikaa chini ya bati la duka. Hakuna aliyekuwa na nadharia. Meja alikuwa anakuna goti. Bibisi, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alisema:

— Sijui.

— Hujui nini? Injinia akamuuliza.

— Sijui tu.

Akaja wa kwanza, kijana wa Kiarusha anayeitwa Lengai, anakanyaga kama yuko kwenye lami. Tukangoja. Akaja mwingine kwa miguu, baiskeli begani; tairi lake pana lilikuwa limejaza matope kwenye uma wa fremu unaoshika gurudumu la mbele, hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Tukangoja tena. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumpa pole.

Ndipo tukamwona. Alikuwa anashuka ile njia ya udongo mwekundu, kiwiko kinavuja damu, upande mmoja wa mwili wote matope, na mdomo umebanwa. Alibana breki mbele yetu, chotara akasimama pale pale.

— Uliangukia wapi, mwanangu? Meja alimkimbilia.

— Kwenye mfereji, kule juu. Akahema. Mimi nimepinda, Meja. Gurudumu halijapinda.

Sankale alikuja. Akainua baiskeli mbele, akazungusha. Gurudumu lilipita katikati ya mipira ya breki bila kugusa huku wala huku, likiwa linarusha matope. Akainua nyuma, akazungusha. Vile vile. Akamtazama Sia kuanzia kiwiko hadi viatu.

— Magurudumu haya nani alikuchagulia?

— Nilichagua mwenyewe.

— Na ukianguka na mgeni yuko nyuma yako?

— Namwambia asimame, naamka, naangalia baiskeli yake kwanza, kisha yangu, kisha kiwiko.

Sankale akacheka kidogo.

— Jumatatu asubuhi, ofisini. Wewe na Lengai.

Sitasema jinsi Meja alivyorukaruka, kwa sababu ya umri wake. Injinia alimkumbatia mwenye duka, ambaye hakumjua. Bibisi aliwasha redio, akaizima tena, akasema habari zote za leo zimekwisha. Nami, fundi cherehani, niliona nimesimama wima kuliko kawaida yangu, kama vile mwanamke yule mwenye matope alikuwa amezaliwa nyumbani kwetu.

Jumatatu jioni benchi lilijaa. Sia alikuwa ametoka kazini na fulana ya kampuni, akanunulia watu kahawa na kashata. Na wanaume walikuwa wanagawana sifa. Injinia alisema bila jaribio lake kwenye majani ya Kandida, Sia asingejua habari ya breki. Meja alisema wazo la ishirini na nane ni lake. Bibisi alidai alikuwa ametabiri tangu mwanzo, tatizo tuliacha kumsikiliza.

Akafika mama mmoja mgeni, akisukuma baiskeli ya gia ya mtumba, gurudumu la mbele limejikunja. Alisema anaitwa Nashipae, anatoka juu ya Ngaramtoni, anapeleka maziwa mjini, na mawe ya kule yamemshinda.

— Shikamooni wazee. Nimeambiwa niulizie hapa Elerai, kwenye benchi. Fundi aliyechagua yale magurudumu yaliyoshuka Olmotonyi, ni yupi kati yenu?

Meja alikohoa. Injinia akatazama viatu vyake. Bibisi aliinua kikombe kinywani, nami niliona wazi kabisa kwamba hakina kitu.

Sia akaweka kashata pembeni, akafuta mikono kwenye fulana yake mpya.

— Ni mimi, dada, alisema. Ipindue hiyo baiskeli, tuione.