Aqil bin Muhdhar, Mpiga Mbiu Aliyeitembeza Sheria ya Kamari hadi Siyu na Kiunga

Jamaa, majirani na nyote mliotusaidia kumrudisha kwa Mola wake mchana wa leo, mimi ni Mohdhar, mpwa wa marehemu. Bi Saadiya ameniomba niseme kwa ufupi mumewe alikuwa nani, kwa sababu wengi wenu mliijua sauti yake kuliko mlivyomjua mwenyewe.

Marehemu Aqil bin Muhdhar alizaliwa Siyu, kisiwani Pate, mwezi wa Rajabu mwaka wa 1275, sawa na mapema 1859. Baba yake alishona viatu vya ngozi. Alikuwa mtoto wa kwanza, akafuatwa na mama yangu, Bi Radhiya, kisha Athman.

Alisoma chuo cha Kurani hapo hapo Siyu. Alihifadhi upesi kuliko wenzake wote, lakini kusoma maandishi kulimshinda. Mwalimu wake alifunua ukurasa, naye akausoma bila kosa, hadi mwalimu alipogundua kwamba kitabu alikishika juu chini. Hakuadhibiwa. Tangu siku hiyo alisomewa tu, naye akashika kwa moyo.

Mwaka wa 1882 alihamia Amu, mtaa wa Langoni, akawa mchukuzi wa mizigo forodhani. Kwa kuwa akiita upande huu alisikika upande wa pili, mwaka wa 1889 alipewa pembe la nyati na kazi ya mpiga mbiu. Kila tangazo la wakubwa, kila kilichopotea na kila maiti ya mui wetu huu wa Amu kwa karibu miaka thelathini tulikisikia kwake.

Mwaka wa 1890 alimuoa Bi Saadiya binti Shekhan, ambaye baba yake alikuwa amemfundisha kusoma na kuandika. Bi Saadiya alimsomea matangazo, naye akayarudia huku mkewe ameshika upawa. Akikosea neno, upawa ulipiga sakafu. Siku moja alitoka haraka bila kusomewa mara ya pili, akatangaza usafi wa vichochoro siku ya Jumanne badala ya Alhamisi. Amu ikafagiliwa mara mbili wiki ile. Bi Saadiya alimkumbusha jambo hilo mpaka mwisho.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe alitaka lisemwe lilivyokuwa.

Mwaka wa 1907 serikali ilimpa Bwana Ridhwani, mfanyabiashara wa Langoni, rukhsa ya kufungua nyumba ya kamari. Marehemu alipewa tangazo, akalitangaza kama alivyotangaza mengine. Alilitangaza vizuri. Watu waliokuwa wakicheza kwa kujificha wakasikia kwamba sasa ni halali ya serikali, na wengine ambao hawajawahi kucheza wakaenda kutazama.

Mmoja wao alikuwa ndugu yake, Athman, aliyekuja Amu mwaka wa 1909 kuuza nazi. Kwa siku nne alipoteza nazi, kisha shamba la Siyu walilorithi kwa mama yao. Marehemu alimfukuza barazani mbele za watu na kwa miaka miwili hakumjibu salamu. Hapo alikosea, na alikiri hivyo baadaye. Bi Saadiya alikuwa akimpa Athman chakula kwa mlango wa nyuma, na marehemu alijua, wala hakumkataza.

Kilichomuuma zaidi ni neno aliloambiwa na Athman siku ile ya kufukuzwa: "Ndugu yangu, wanifukuzia nini? Si wewe uliyetwita?"

Tangu hapo hakutulia. Aliwaendea waalimu, wenye maduka na mafundi, mlango kwa mlango, akiwataka waiombe serikali iifunge nyumba ile. Bi Saadiya aliwaandikia wanawake waraka wao. Mwezi wa Julai 1911 walifika mbele ya ofisa wa serikali, na marehemu akaomba kusema.

"Bwana, mimi ndimi niliyewaambia watu hawa kwamba kamari ina rukhsa. Walinisikia. Nipeni neno la kuifunga."

Ofisa akamjibu, "Rukhsa ile ni mpaka mwisho wa mwaka wa 1920. Serikali haiwezi kurudi nyuma katika neno lake."

"Basi lisiende mbele," akasema marehemu. "Likae pale pale lilipo."

Wakati huo Bwana Ridhwani alikuwa amekwisha kukodi nyumba Siyu na anatafuta nyingine Kiunga. Jumatano, tarehe 9 Agosti 1911, amri ilitiwa muhuri: nyumba ya kamari itakuwa moja tu, ile ya Langoni, haitaongezwa, haitahamishwa, wala rukhsa yake haitatolewa upya ikiisha. Lakini amri ilisema pia kwamba haitakuwa na nguvu mahali popote kabla ya kutangazwa hapo mara tatu. Chombo cha serikali kilikuwa kiende Pate wiki iliyofuata. Nyumba ya Siyu ilikuwa ifunguliwe Jumamosi ya wiki ile ile, na ikishafunguliwa ingehesabiwa kuwa ilikuwapo kabla ya amri.

Marehemu aliomba ruhusa aende mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Bi Saadiya alimsomea amri mara saba. Alivuka kwa mtumbwi hadi Pate, akashika ndia ya miguu kwenda Siyu. Kwenye mkono wa bahari alikuta maji yamejaa, hakungoja, akavuka yakimfika kifuani, karatasi ameifunga kilembani.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alipiga pembe. Mara ya kwanza alisikika mui mzima. Mara ya pili, sokoni, sauti ilikatika katikati, akaimaliza kwa shida. Mara ya tatu alifungua kinywa, hakutoka kitu. Mtu wa Bwana Ridhwani akacheka, akasema, "Mara mbili si tatu. Kesho twafungua."

Athman, aliyekuwa amerudi Siyu, alikuwapo. Tangu alipopoteza shamba alikuwa akipita vichochoroni asionekane na watu. Alisogea, akasimama karibu na nduguye, akamwambia, "Ninong'oneze, niseme mimi."

Marehemu akamtazama. Akamwinamia sikioni. Neno kwa neno, mmoja akinong'ona na mwingine akiita, watu wa Siyu waliambiwa sheria na mtu waliyejua kamari imemfanya nini. Mwalimu wa mui akaifungua karatasi, akathibitisha kila neno. Kesho yake nyumba haikufunguliwa. Wiki iliyofuata ndugu hao wawili wakafika Kiunga, Athman akaitangaza yote mwenyewe.

Sauti ya marehemu haikurudi kama zamani. Aliendelea na kazi hadi 1916, mara nyingi Athman akiwa pamoja naye. Nyumba ya Langoni ingali wazi, na sheria imeibakizia miaka miwili.

Mwezi uliopita alishikwa na homa hii iliyopita pwani yote, ikashukia kifuani. Jumatano aliwaita watu wa nyumbani akawaambia, kwa sauti ya chini, "Siku mlango wa Ridhwani utakapofungwa, msende kupiga vigelegele pale. Yule ana watoto." Alifariki Ijumaa, tarehe 6 Disemba 1918, mapema Mfungo Sita, baada ya swala ya alfajiri, Bi Saadiya akimsomea Yasini.

Ameacha mjane, Bi Saadiya, watoto wake Hadia, Amini na Mwanamkisi, wajukuu watano, dada yake, Bi Radhiya, na nduguye, Athman. Bwana Ridhwani, tumekuona ukilibeba jeneza pamoja nasi. Tunakushukuru.

Ewe Mola, mja wako amechoka kuita. Mpe raha kaburini mwake, na umpe amani isiyo na mwisho.