Si Msaada, Ni Kifaa cha Kazi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi na nusu jioni, fundi wa vifaa saidizi wa chuo chetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo kimoja. Si kwamba hawakujaribu kumhamisha. Barua tatu za uhamisho zilimfikia, na zote alizijibu kwamba ataondoka siku atakapopatikana mtu wa kukaa na mhadhiri asiyeona mpaka aelewe kompyuta yake. Hakupatikana, akabaki.

Wengi tunamwita Mama Kelele. Jina hilo alipewa na watu wa ghorofa ya pili, mwaka alipoleta kompyuta ya kwanza inayosoma maandishi kwa sauti. Vipokea sauti vya masikioni vilikuwa bado havijanunuliwa, basi kompyuta ikawa inasoma barua za idara mchana kutwa, zikiwemo za onyo. Jengo zima likajua nani kachelewa na nani kajibu jeuri. Utawala ukataka kompyuta iondolewe. Mama Kelele akawajibu kuwa kinachowaaibisha ni barua zao. Vipokea sauti vikafika wiki hiyo hiyo.

Mimi ninayeandika haya ni karani wa mitihani. Macho yangu yalizima katika mwaka wangu wa kumi na mbili kazini. Nikaandikiwa barua ya kustaafishwa kwa sababu za kiafya, na mke wangu ndiye aliyenisomea. Mama Kelele alikuja nyumbani bila kuitwa, akaniambia nisisaini kitu chochote. Kisha akamgeukia mke wangu na kumwomba aache kunifunga kamba za viatu, maana mikono yangu haikuwa inaumwa. Nilikasirika, tena sana. Kesho yake nilivaa viatu mwenyewe.

Kwa wiki sita alinifundisha kutumia kibodi kwa vidole na masikio tu. Nikikosea alingoja tu nijirekebishe, na jamani, heri angenitukana. Siku nilipoitwa mbele ya kamati iliyotaka kunistaafisha, niliifungua barua yao kwenye kompyuta mbele yao, nikaisikiliza hadi mwisho, nikawaambia kuwa namba ya utumishi waliyoandika si yangu. Walikuwa wanamstaafisha mtunza bustani. Mpaka leo nipo kazini, na mtunza bustani pia yupo.

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa na neno moja. Fomu ya vifaa ilikuwa na mstari usemao: "Aina ya msaada unaoombwa." Kila fomu iliyopita mikononi mwake alikata maneno hayo kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "kifaa cha kazi kinachohitajika". Ofisi ya Manunuzi ikazirudisha, naye akazipeleka tena. Alitaka kujua kwa nini mkuu wao akihitaji kiti anapewa kiti, na opereta wetu wa simu asiyeona akihitaji mashine ya maandishi ya nukta nundu anaambiwa ameomba msaada.

Walipoendelea kutia pamba masikioni, asubuhi moja aligawa fomu hizo jengo zima la utawala. Waraka ulioambatana nazo ulisema kwamba, kwa kuwa opereta wa simu anafanya kazi vizuri bila taa, mfanyakazi yeyote asiyeweza kufanya kazi gizani ajaze fomu ya msaada wa taa, aeleze upungufu wake na aambatishe cheti cha daktari. Ulikuwa mzaha. Watu kumi na mmoja wakajaza! Mkuu wa Manunuzi aliambatisha na cheti cha macho, akaomba afikiriwe kwa kuwa ametumikia chuo muda mrefu. Mama Kelele alizirudisha zote zikiwa na muhuri: ombi lako limepokelewa, subiri miezi minane. Ndiyo miezi tuliyokuwa tukisubirishwa sisi. Mwezi uliofuata fomu ikabadilishwa, na neno "msaada" halimo tena.

Ni yeye aliyedai lifti itaje ghorofa kwa sauti, na mkalimani wa lugha ya alama awepo kila mkutano wa wafanyakazi. Mpiga chapa wetu, ambaye vidole vyake vilikakamaa, leo anaandika kwa kusema, na anasema mbio hadi kompyuta inamwomba arudie. Na nyumbani kwake kazi imeshaanza: shemeji yetu, mume wa Mama Kelele, anatuambia kwamba tayari ameshapewa taarifa kuwa makabati ya jikoni yako juu mno.

Sasa niseme linaloniuma. Tumetangaziwa kwamba nafasi yake haitajazwa. Vifaa vitapelekwa stoo kuu, na sisi ishirini na watatu tunaovitumia tutahudumiwa kwa kupiga simu dawati la huduma za kompyuta. Mhudumu wa maktaba, ambaye ni kiziwi, aliuliza kwa maandishi atapigaje hiyo simu. Hajajibiwa. Nami utawala uliniomba niandike katika makala haya ya kumuaga kwamba kitengo "kilihudumia" wafanyakazi. Siandiki hivyo ng'o. Kitengo kinahudumia.

Wiki iliyopita Mama Kelele aliletewa fomu ya makabidhiano, arudishe ufunguo wa chumba cha kitengo. Akaandika kwamba hana. Wakadhani ni ukaidi, wakamtuma mlinzi aende kuuchukua. Mlinzi alirudi mikono mitupu, akaripoti kwamba chumba hakina mlango. Miaka saba iliyopita kiti cha magurudumu cha mwenzetu wa maabara kilikwama pale mlangoni, seremala akawa wa kesho na keshokutwa, basi Mama Kelele akachukua bisibisi na nyundo, akaung'oa mlango pamoja na fremu yake. Kwa miaka saba hakuna kiongozi hata mmoja aliyefika kule akagundua.

Mama Kelele, dada yetu, asante. Ulitugombea mpaka tukajifunza kujigombea wenyewe. Nenda ukapumzike, ule vizuri, ulale unavyotaka, uwafurahie wajukuu, na Mungu akupe afya na miaka mingi. Sisi usituhofie. Jumatatu saa mbili kamili asubuhi tutakuwa chumbani, wote ishirini na watatu, na anayetaka kukifunga itabidi kwanza alete mlango.